Mkono Unaposita

Jamaa zetu walioko nyumbani hutuomba mara kwa mara tuwaandikie habari za maisha ya ugenini, na wengi wetu tulioko huku huwajibu kwa maneno mawili: "Hakuna jipya." Twaamka, twaenda kazini, twarudi, twalala. Mwenye simu nzuri hupiga picha ya theluji akaipeleka, na hapo huona kwamba amelipa deni. Theluji yenyewe haikai, na katika mji tunaoishi sisi, Leicester, katikati ya Uingereza, hupita baridi nzima isianguke ya kutosha kufunika kiatu.

Sisi, mke na mume, watu wa Tanga, tumejiwekea desturi ya kuandika kwa zamu kila wiki. Barua zetu huenda kwa mama yetu, bibi wa watoto, ambaye macho yake hayasomi tena, na mjukuu humsomea baada ya sala ya Ijumaa. Mwanzoni tulimwandikia salamu, afya za watoto na hali ya hewa. Akatujibu kwa sauti, maana siku hizi hata wazee hutuma sauti kwa simu: "Wanangu, kwamba mu wazima nimesikia, alhamdulillahi. Sasa nipeni habari."

Tangu siku hiyo tumekuwa tukizitafuta habari, na tumeona kwamba hazipo katika majumba ya makumbusho wala katika viwanja vya mpira. Zipo pale mkono unaposita. Nyumbani mkono hausiti. Wajua ulipo mtungi, wajua mlango wasukumwa au wavutwa, wajua nani wa kupewa shikamoo na nani wa kupungiwa tu. Ugenini mkono hunyooka kisha husimama njiani, na pale uliposimama pana jambo la kuandika.

Tuchukue mfereji wa maji. Nyumba nyingi za zamani za nchi hii zina mifereji miwili juu ya beseni moja la kunawia, mmoja wa maji ya moto na mmoja wa maji ya baridi, na maji hayo hayakutani. Atakaye kutia udhu alfajiri ya Januari huchagua kati ya kuungua na kufa ganzi. Akiamua kuziba beseni ayachanganye, mwenye kufuata madhehebu ya Imamu Shafi hukumbuka ghafla masomo ya maji mustaamali, ambayo tangu alipotoka chuoni hakuwa na haja nayo. Barua nzima ilitoka katika beseni hilo, na shekhe mmoja wa mtaa wa mama akaomba asomewe.

Au tuchukue choo, tukiomba radhi kwa wenye kusoma gazeti mezani. Vyoo vya huku vina karatasi, havina maji ya kujitahirishia. Lakini ingia katika nyumba ya Mwislamu, awe Mswahili, Msomali au Mbengali, nawe utaliona pembeni kopo la plastiki lenye mdomo mrefu, lililotengenezwa kwa ajili ya kumwagilia maua. Wauza vifaa vya bustani huenda hustaajabu kuona watu wasiokuwa na ua hata la chungu wakiyapenda makopo hayo kiasi hiki. Twaambiwa kwamba mama alicheka hata msomaji akalazimika kungoja.

Wapo watakaosema kwamba haya si mambo ya kuandikwa, kwamba kalamu ina heshima yake. Ibn Battuta hakuona hivyo. Bwana huyu aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, na mwaka 1331 akaifikia pwani yetu. Mogadishu alieleza wali wa samli uliopakuliwa katika sahani kubwa ya mti, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu na pilipili za achari, na tangawizi mbichi. Akaongeza bila ya kuficha kwamba mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha watu kadhaa wa kwao. Mombasa aliona misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na mlangoni pa kila msikiti kisima kifupi. Watu huteka maji kwa chombo cha mti chenye kipini cha urefu wa dhiraa moja, wakaosha miguu, kisha wakaipangusa juu ya kipande cha mkeka mnene kabla ya kuingia. Chombo kile sisi twakiita kata, na mkeka ule ni jamvi. Hakuna mtu wa Mombasa wa zama zile aliyeona haja ya kuandika habari za kata na jamvi, kwa kuwa mkono wake haukusita. Ulisita mkono wa mgeni. Safari zake zilipomalizwa kuandikwa kwa imla yake huko Morocco mwaka 1355, miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita, na jamvi la Mombasa alikuwa angali akilikumbuka.

Wala Waswahili wenyewe hawakuwa nyuma. Salim bin Abakari aliisimulia kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia, na masimulizi hayo yakachapwa Ujerumani mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten. Kwa hiyo asitwambie mtu kwamba lugha yetu haiwezi kubeba baridi.

Ijapokuwa lipo jambo moja linaloitaabisha lugha yetu huku, nalo ni saa. Saa ya Kiswahili huanzia macheo. Kwetu jua halichezi sana. Mwaka mzima Magharibi haiachani mbali na saa kumi na mbili, na mtoto akisikia saa hiyo imetajwa hujua ni wakati wa kurudi nyumbani, kunawa miguu na kusali. Leicester, mwezi wa Desemba, saa mbili za asubuhi ni giza, na jua huzama kabla ya saa kumi ya alasiri. Alasiri yenyewe huingia watoto wangali darasani, na Magharibi huwakuta ndiyo kwanza wanaweka mikoba chini. Ukija Juni jua huzama yapata saa tatu na nusu ya usiku, na wekundu hauondoki vizuri mbinguni hata alfajiri ikakaribia, ndiyo sababu misikiti ya mji mmoja huweza kuwa na ratiba mbalimbali za Isha, kila mmoja na wanazuoni wake na hoja zake. Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni. Mama aliuliza twafuturu saa ngapi. Tulipomwambia saa tatu na nusu, akadhani twamtajia saa ya kula daku mapema. Saumu ile ilipindukia saa 18. Mtoto wetu wa kati, aliyekuwa akijifunza saa kwa Kiswahili, aliuliza kama saa za Bibi zimeharibika au zetu. Swali hilo tuliliandika kama lilivyo, bila ya kulitia jawabu.

Watoto ni chemchemi nyingine, lakini maji yake hutoka upande wa pili. Huku mikono yao haisiti. Wakishuka kwenye basi humshukuru dereva, na foleni huisimama bila ya kuamriwa. Husita tunapowapeleka Tanga: wasijue waamkie kwanza nani, wala mkono wa mkubwa waubusu au waushike tu, wala waseme nini mtu akiwaambia "karibu chakula" naye amebakiwa na matonge mawili. Bibi yao aliyaona hayo na hakuwakemea. Alisema tu kwamba nao waandike. Basi sasa mjukuu wa Leicester huandika yanayomshangaza Tanga, na mjukuu wa Tanga humsomea bibi yake, akirekebisha ngeli kila anapopita.

Kuna duka la viungo tunalopenda kununua mchele. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kampala, mmoja wa maelfu waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka huo halmashauri ya mji wa Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi Wahindi wasije huku, kwa madai kwamba nyumba na nafasi za shule hazitoshi. Walikuja hata hivyo, na leo mji hauwezi kuelezwa bila ya wao. Mzee huyu alipotusikia tukisemezana mbele ya magunia alinyanyua kichwa, akauliza, "Mama, nikupimie ratili ngapi?" Ratili! Watoto wetu hawajapata kulisikia neno hilo, na hata Tanga sasa ni kilo. Yeye alilibeba kutoka Kampala pamoja na masanduku aliyoruhusiwa, akalitunza zaidi ya miaka 50 katika nchi ya baridi. Anasema Kiswahili chake kimebaki cha kuuzia na kuhesabia, kwani hana tena wa kugombana naye. Tulimwandikia mama habari za ratili, naye akatuma salamu maalumu kwa mzee huyo na swali: je, bado anauza kwa mkopo?

Haya yote yana mpaka wake. Jirani hajui kwamba ameandikwa, na Suratul Hujurat imetuonya dhidi ya ghiba kwa mfano ambao hakuna mwenye kuusoma akatamani nyama. Sisi hujiuliza kabla ya kupeleka: lau mwenyewe angesomewa, angeona haya? Ikiwa ndivyo, twafuta. Aibu ya mtu haiwi habari kwa sababu tu ametenda huku mbali. Lakini kunyamaza nako kuna dhambi yake, hasa kunyamaza juu ya taabu. Tunamfahamu kijana aliyeuza shamba la minazi la urithi kwa nguvu ya picha za magari alizopelekewa na rafiki zake, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemweleza kwamba gari si lake, au kwamba yeye huwageuza wazee vitandani usiku kucha katika nyumba ya kulelea wazee. Kazi hiyo ni ya heshima, nasi mmoja wetu anaifanya. Ifichwayo huonekana ya aibu.

Swali zito kuliko yote mama alituuliza mwaka juzi: "Akifa mtu huko, nani humwosha, na matanga hukaliwa wapi?" Tulikaa na swali hilo wiki tatu bila ya kulijibu. Kisha mzee mmoja wa pwani, aliyekuwa kama baba kwetu, akafariki, na jibu likaja lenyewe. Aliwoshwa msikitini na watu wanaojitolea, mmoja wao dereva wa teksi aliyekuja na nguo zake za kazi. Maziko yalingoja karatasi. Kifo huandikishwa kwanza serikalini, ndipo ruhusa ya kuzika ipatikane, na jamaa huhesabu saa kwa uchungu. Alizikwa sehemu ya Waislamu katika makaburi ya mji, uso umeelekezwa kibla, ambayo kwa huku ni upande wa kusini mashariki. Mvua ilikuwa nyembamba, haikukoma.

Matanga yalikuwa kwetu. Nyumba zetu ni vyumba viwili chini na vitatu juu, zimeshikana ukuta na za majirani. Watu walikuja jioni baada ya kazi, sufuria mikononi, na viatu vikajaa ukumbini, vikatoka mlangoni hadi njiani vikinyeshewa. Wanawake walikaa juu, vitandani na sakafuni. Wanaume walibanana chini na juzuu zao. Ndipo mlango ukabishwa. Alikuwa jirani yetu, bibi wa Kiingereza anayeishi peke yake. Tulidhani amekuja kulalamikia kelele. Alishika viti viwili vya kukunja, na viwili vingine alikuwa ameviegemeza ukutani. Akauliza amekufa nani. Tulipomwambia alinyoosha mkono kama atakayeushika wa mmoja wetu, akausimamisha hewani, akatazama viatu vyote vile, akatazama chini kwenye viatu vyake. Kisha akaviweka viti, akarudi kwake.

Mkono wake nao ulisita. Miaka yote tuliyoishi ukuta kwa ukuta tulikuwa tukijihesabu kuwa ndisi wageni, na jioni ile, kizingitini petu, mgeni alikuwa yeye. Tuliandika barua ile kwa kupokezana, ukurasa mmoja mmoja, na ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Mama alisomewa mara mbili. Hakuuliza habari za kaburi wala za karatasi. Aliuliza viti vilirudishwa na nini. Tukamjibu kwamba vilirudishwa siku ya nne pamoja na bakuli la maandazi ya iliki, na kwamba safari hii jirani alifungua mlango wake wote, nasi tukavua viatu. Ijumaa iliyopita ametuma sauti nyingine. Ataka kujua ndani ya nyumba ile mna nini ukutani, kama bibi huyo ana watoto na wako wapi, na kama bakuli limerudi tupu.