Wati mia za nyanya

Mnisamehe, niliadimika kidogo. Nilikuwa juu ya paa huku Kuze nikigombana na paneli ya sola.

Nyanya hukaanga mahamri kila alfajiri, na stima ikipotea hufanya kazi kwa mwanga wa simu. Mwaka jana alichukua pesa zake za chama akanunua paneli iliyoandikwa wati 100, betri na balbu tatu. Niliyemchagulia ni mimi, "mtu wa kompyuta" wa ukoo. Kufika saa tisa usiku, taa zazima.

"Sasa hiyo digrii walikupa ya nini, babangu?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Basi nikafanya kama nifanyavyo programu ikikorofisha: kupima kwanza, kulaumu baadaye. Nilifunga saketi ndogo ya kurekodi volti na ampia kila dakika. Kosa la kwanza lilikuwa langu: tangi la maji la jirani lilitia kivuli kila alasiri. Nikaihamisha paneli. Bado saa sita mchana, jua kali na betri ina njaa, haikuvuka wati 47. Najua joto na chaja ya bei rahisi hula wati kadhaa, kwa hiyo nikaazima paneli ya rafiki, nayo ya 100, nikaziweka ubavu kwa ubavu kwenye chaja ileile. Yake ilitoa 73.

Nilipeleka grafu dukani. Muuzaji akaitazama, akasema yeye huuza kilichoandikwa. Nadhani alisema kweli. Wati hazionekani kwa macho, si kwake wala kwa nyanya.

Hapo ndipo nikakumbuka utafiti niliousoma chuoni. Arne Jacobson na Daniel Kammen, kutoka vyuo vikuu vya Marekani, walipima paneli ndogo za silikoni ya amofasi zilizouzwa Kenya. Paneli za aina hiyo hupungua nguvu miezi ya kwanza juani kisha hutulia, na mtengenezaji mwaminifu huandika nguvu ya baada ya kutulia. Vipimo vya 1999 vilionyesha kuwa nyingine zilikuwa nzuri na nyingine hafifu. Vya 2004 na 2005 vikarudia hadithi ileile: kati ya chapa tano, tatu zilifanya vyema, mbili zilikuwa chini sana ya zilivyotangazwa. Matokeo yalipotolewa hapa nchini, shirika la viwango, KEBS, likaanza hatua za kusimamia viwango vya paneli. Makala yao ilitoka 2007 katika jarida la Energy Policy.

Watu hawa hawakuvumbua paneli mpya. Walipima zilizokuwa madukani, wakasema walichokiona. Mtu wa kipato kidogo akidanganywa mara moja, hukata tamaa na sola yote, na jirani zake pia. Na kwa kuwa tatizo lilirudi baada ya 1999, kupima mara moja hakutoshi.

Ukienda kununua, ndugu msomaji, nenda adhuhuri na multimeta. Itoe paneli juani, pima ampia za mzunguko mfupi, linganisha na Isc iliyoandikwa nyuma. Zikiwa nusu, rudisha pesa mfukoni.

Nyanya nimemwongezea paneli ya pili, kwa pesa zangu. Sasa taa zafika alfajiri. Ila ameshawatangazia majirani wote kwamba mjukuu wake "apima jua", na Jumamosi hii nina mapaa matatu ya kupanda.