Mzigo Ukipungua, Badili na Kipimo

Usiku, kati ya Sikonge na Ipole, dereva aliye nyuma ya lori haoni mbele. Anaona turubai, vumbi na taa mbili nyekundu. Kinachomwambia apite au asubiri ni taa ndogo ya rangi ya chungwa. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kulia, anasema: tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anasema: njia nyeupe, pita. Mazungumzo haya hayakuandikwa kwenye kitabu cha sheria. Madereva wa masafa marefu wameyatunga wenyewe, na wanaaminiana kwayo hata kama hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Huku Unyamwezini kupeana ishara njiani kulianza zamani, kabla ya lami na kabla ya magari. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilikwenda mstari mmoja mrefu, kila mpagazi na mzigo wa kilo 30 au zaidi. Mbele alitangulia kirangozi na bendera yake, ngoma ikilia. Njia ilikuwa nyembamba na pori limefunga, kwa hiyo aliye nyuma hakuweza kumwona aliyetangulia. Ndipo kwenye njia panda wa mbele wakawa wanaweka matawi au kuchora mstari ardhini, kuifunga njia isiyotakiwa, ili wa nyuma wasipotee. Leo Ipole yenyewe ni njia panda. Anayetoka Tabora akifika hapo, wa Mpanda anakata kwenda magharibi, wa Rungwa na Mbeya anashika kusini. Na bado anayekuja nyuma anahitaji kuambiwa mapema mwenzake anaelekea wapi.

Kwa sababu hiyo indiketa za gari langu zilipoanza kuwaka mbio mbio, sikutaka kulala na jambo hilo. Njia ya Ipole naipita mara kwa mara, maana kaka yangu anaishi huko na anafuga nyuki. Balbu za kawaida zilikuwa hazidumu. Ndani ya balbu mna uzi mwembamba, na uzi ule ukishapata moto hauvumilii mitikisiko ya barabara mbovu. Nikaweka taa za LED, ambazo hazina uzi wa kukatika, zinawaka papo hapo na hazili umeme mwingi. Mwanga ukawa safi kabisa. Lakini nikigusa mkono wa indiketa, zinapepesa mara mbili ya kasi ya kawaida. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari zinataka indiketa iwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Zangu zilikuwa zimeuvuka mpaka huo.

Pale Ipole nikamkuta kijana fundi umeme wa magari, amekaa kivulini na boksi lake la vifaa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Indiketa zinakimbia.”

“Umeweka LED?”

“Nimeweka.”

“Basi gari lako ni zima. Flasha inakwambia kuna balbu imeungua.”

“Mbona zote zinawaka?”

“Zinawaka, mzee, lakini flasha haioni mwanga. Inaona mzigo.”

Akawasha hazadi, akapitisha mkono chini ya dashibodi, akapapasa mpaka vidole vyake vikahisi mahali panapogonga. Akazima, akafungua waya wa hasi kwenye betri, kisha akachomoa flasha yenyewe, kidude cheusi kisichozidi kiberiti. Akalibandua ganda lake kwa bisibisi ndogo na kunionyesha. Ndani mlikuwa na koili ya waya wa shaba, ncha mbili za metali zilizoungua kidogo kwa cheche za miaka mingi, na kipande kifupi cha waya mnene. Akaweka ncha ya bisibisi juu ya kile kipande. “Umeme wote wa indiketa unapita hapa,” akasema. “Hapa ndipo inapopimia.”

Hesabu yake si ngumu. Balbu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21. Kwenye gari la volti 12, balbu mbili, ya mbele na ya nyuma, zinavuta amperi 3.5 hivi. Moja ikiungua, mkondo unashuka karibu nusu, na flasha ikiona hivyo inaharakisha mapigo ili dereva ajue. Ni mpango wa busara. Dereva aliyekaa kwenye usukani hawezi kuiona taa yake ya nyuma, basi aliyetengeneza gari akampa mlinzi wa kumwambia. Lakini taa za LED zinakula wati chache tu, kwa hiyo mlinzi yule anahesabu pungufu na kupiga kelele, ilhali taa zote mbili zinaangaza kuliko zamani. Flasha za kale zaidi, zile zinazotegemea ukanda wa metali upate joto, ujikunje na kukata umeme, ndizo zinazotatizika zaidi: joto halitoshi, na mara nyingi taa inaganda imewaka, haipepesi kabisa.

Kijana akanieleza kwamba dawa ni mbili. Ya kwanza ni kufunga kizuizi cha umeme sambamba na kila taa. Kinachouzwa sana ni cha omu 6. Kwenye volti 12 kinakula amperi 2, yaani wati 24 zinazogeuka joto tupu. Flasha ya zamani inaridhika, ikidhani balbu kubwa zimerudi. Lakini kidude hicho kinapata moto wa kuunguza ngozi, na ukikifunga karibu na plastiki kinaiyeyusha. Umeme uliotaka kuuokoa unauchoma wote pembeni, bila kumwangazia mtu yeyote. Hata hivyo, yako magari mapya ambayo flasha yake imo ndani ya kompyuta na haichomoki, na huko pengine kizuizi ndiyo njia iliyobaki.

Dawa ya pili ni kubadili flasha yenyewe, kuweka ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya LED. Hii haipimi mzigo. Ina saa yake ndani, na inapiga mapigo yaleyale taa ziwe nzito au nyepesi. Kijana akaitoa moja kwenye boksi, akasoma herufi zilizo kando ya miguu yake mitatu: B kwa umeme wa betri, L kwa taa, E kwa waya wa eathi. Akarudisha waya wa betri, akapima kila tundu kwa testa kabla ya kuchomeka, kwa kuwa si kila gari limepanga miguu hiyo sawasawa, na ukiikosea flasha ya kielektroniki inaweza kufa palepale. Magari ya zamani yenye flasha ya miguu miwili hayana eathi pale, inabidi waya mpya uvutwe mpaka kwenye bodi. Langu lilikuwa nayo. Akaichomeka, nikawasha, na indiketa ikapiga kwa utulivu.

Neno la kijana yule kwamba flasha haioni mwanga bali inaona mzigo nililichukua mpaka nyumbani kwa kaka, na hapo ndipo nilipolielewa.

Kaka yangu alilima tumbaku muda mrefu wa maisha yake. Anayeijua tumbaku ya mvuke ya Tabora anajua uzito wake: vitalu, kuhamishia miche shambani mvua zikianza, kuchuma jani baada ya jani, kufunga, kupakia kwenye bani la kukaushia, na kuchochea moto usiku kucha ili joto lisipande wala kushuka vibaya. Juu ya hayo kuna kuni za kukata, mkopo wa pembejeo wa kulipa na hofu ya siku ya soko. Mwishowe akaacha, akaingia kwenye nyuki. Misitu ya miombo ya Sikonge ni ya asali tangu enzi za mababu, na wazee wake wamerina humo kwa mizinga ya magome. Kazi ikawa nyepesi na nyumba ikapata nafuu. Watoto wakawa wanamwona baba yao jioni, hajachoka, anazungumza.

Lakini yeye mwenyewe hakutulia. Aliamka usiku saa zilezile za kuchochea bani. Aling'oa uzio mzima na kuujenga upya mahali palepale. Alichimba, alibeba, alihamisha magogo yasiyomsumbua mtu, na jua likizama akawa na amani kwa sababu tu mgongo unauma. Nilipomuuliza akanijibu: “Mdogo wangu, siku nisiyochoka naona kama nimeiba.”

Mtu aliyeishi chini ya mzigo mkubwa hujengewa ndani yake kipimo cha mzigo huo. Kipimo hicho hakina ubaya. Kilimwamsha kaka usiku asichome majani ya msimu mzima, na kililipa ada za shule. Tatizo ni kwamba hakikufundishwa kuuona mwanga. Watoto wanaocheka jioni hakiwahesabu, wala afya, wala deni lililokwisha. Kinahesabu uchovu peke yake, na uchovu ukipungua kinapiga kelele kwamba kuna kitu kimekufa.

Wengi wetu tukisikia kelele hiyo tunakimbilia dawa ya kwanza. Mstaafu anajazia siku zake vikao visivyo na faida ili aonekane bado yumo. Mama aliyelea watoto sita, wote wakishakwenda kwao, anaanza kuingilia nyumba zao, kwa kuwa mikono mitupu inamtisha. Aliyemaliza deni anakopa tena, maana hajui kuishi bila kudaiwa. Hivyo vyote ni vizuizi vya omu 6. Vinaturudishia mapigo tuliyoyazoea, lakini vinachoma bure kile tulichojaliwa kukiokoa, na mara nyingine vinawaunguza walio karibu nasi.

Hata kabila zima linaweza kupita hapo. Enzi za misafara, kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili mpaka abebe mzigo afike pwani na kurudi. Heshima yake ilikuwa begani. Mwaka 1912 reli ya kati ikafika Tabora, na mizigo ile ikapanda kwenye mabehewa. Wanyamwezi hawakuendelea kubeba mawe hadi Bagamoyo ili wathibitishe uanaume. Walitafuta vipimo vingine: shamba, elimu, ufundi, uaminifu katika kazi za mbali. Nawapa heshima kubwa kwa hilo. Ni vigumu kuachana na kipimo kilichokupa jina.

Basi mzigo ukipungua, jambo la haki ni kubadili kipimo. Usiitukane flasha ya zamani, maana ilikutumikia kwa uaminifu katika kazi iliyotengenezewa. Usiidanganye pia kwa mzigo wa bandia. Ishukuru, ichomoe, weka inayokwenda kwa saa yake. Kwa kaka hilo lilikuja polepole. Siku hizi anaihesabu siku kwa mambo mengine: mizinga mingapi ina nyuki, amekaa na nani, nani amekula vizuri nyumbani kwake.

Lipo jambo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Nilipokuwa namlipa kijana yule wa Ipole, alinishika mkono akasema: “Mzee, kuanzia leo balbu ikifa, hii haitakwambia. Itapiga vilevile. Uwe unazunguka gari kabla hujaondoka.”

Ni kweli. Flasha mpya ina utulivu, lakini utulivu wake si ushahidi kwamba taa ya nyuma inawaka. Kaka analijua hili kwenye nyuki. Bani likienda vibaya unanusa na kuona papo hapo. Mzinga ukiharibika hausemi. Siafu wameuvamia, nondo wa nta wameingia, nyegere ameuangusha, au nyuki wamehama tu, na wewe uko nyumbani unajiona uko salama. Maisha mepesi yana hatari zake, na hazina kelele. Ndoa iliyopita misukosuko ikafika penye utulivu inaweza kuanza kupoa bila ugomvi hata mmoja. Mwili uliopumzishwa unaweza kulea ugonjwa bila maumivu. Rafiki anaweza kukaa kimya mwaka mzima, nawe ukadhani hana neno.

Katika misafara ya zamani, kirangozi alitangulia mbele na mkuu wa msafara alitembea nyuma, awaone waliochoka, waliougua na waliobwaga mizigo. Walijua kwamba anayeongoza hawezi kuuona mkia wa msafara wake. Waswahili tunasema nyani haoni kundule, na kwa kawaida tunasema ili kumsuta mtu. Mimi nadhani pia ni ushauri: tafuta wa kukuangalizia. Siku hizi kabla sijaondoa gari namwomba mwanangu, au jirani, au hata mpita njia, asimame nyuma aniambie kama zinawaka, ya kulia na ya kushoto. Na katika mambo ya moyo nimewaomba watu wawili ninaowaamini wafanye kazi hiyohiyo, waniambie bila kunionea haya pale ninapodhani naonekana kumbe nimezimika.

Ndugu msomaji, kama Mungu amekupunguzia mzigo, upokee wepesi huo bila kujiona mwizi. Lakini kumbuka kwamba mzigo ule ulikuwa pia mlinzi wako, na ukishautua, ulinzi ni kazi yako mwenyewe. Zunguka, tazama, uliza. Ukiambiwa taa ya nyuma haiwaki, usibishe kwa sababu ndani ya gari unasikia mapigo ya kawaida. Shuka uitengeneze kwanza, maana anayekuja nyuma yako anakutegemea.