Siku ya Mapumziko Bamburi



Ndugu wasomaji, tunamshukuru Allah (S.W.) aliyetujaalia safari ya likizo ya Aprili kwenda Mombasa na kuturudisha salama Nairobi. Habari za Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na za Msikiti wa Mandhry wa mwaka 1570, wameziandika wenzetu wa darasa la juu. Sisi tumepewa siku ya tatu, siku ya mapumziko.

Baada ya kuzunguka juani siku mbili, miguu ilikuwa haina hali. Ustadh akasema leo hakuna somo, ni pwani tu. Baada ya chai tukaenda ufuoni Bamburi. Wasichana walikaa na maalima kwenye kivuli cha mivinje, lakini waliposikia kuna farasi walikuja mbio wote.

Farasi alikuwa mmoja, wa rangi ya kahawia, pamoja na ngamia wawili. Ustadh akauliza, "Nani amehifadhi Suratul Aadiyaat?" Mikono yote juu. "Na nani amewahi kumgusa farasi?" Kimya! Sura ile ya aya 11, ambayo Allah ameapia ndani yake farasi wa mbio, tunaisoma tangu chekechea, na farasi wenyewe tumewaona kwenye televisheni tu.

Tukapanga foleni. Mwenye farasi akatuelekeza: mguu wa kushoto kwenye kikuku, shika tandiko, jivute juu. Tukasoma dua ya kupanda chombo. Jamani, kule juu ni mbali kuliko mtu anavyodhani akiwa chini! Mwenzetu mmoja aliyejigamba njia nzima alishika manyoya ya shingo kwa mikono miwili, akaomba ashushwe kabla ya kufika nusu. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Ikafika zamu ya mdogo wetu kuliko sote. Akasogea, akatazama, akarudi nyuma. "Sipandi." Tukamwita mwoga. Hakutujibu, akamwonyesha Ustadh kwa kidole. Chini ya ukingo wa tandiko palikuwa na kidonda kibichi kilichotuliwa na nzi. "Huyu naye leo si siku yake ya kupumzika?" akauliza.

Kisa cha ngamia aliyelia mbele ya Mtume (S.A.W.) katika shamba la Answari, akimshtaki bwana wake kwa kumtesa kwa njaa na kumchosha, tulikiandika kwenye mtihani wa muhula wa kwanza. Wengi tulipata alama nzuri. Na asubuhi ile tulikuwa tumekikalia kidonda kile, mmoja baada ya mwingine, tukicheka.

Mwenye farasi hakuwa mkali. Alisema wageni huja kwa msimu, lakini farasi anakula kila siku. Ustadh akamlipa zamu zote zilizobaki na kumwomba amvue tandiko. Akakubali. Wasichana wakaomba ndoo ya maji kwa mama muuza madafu. Farasi alikunywa bila kuinua kichwa mpaka ndoo ikaisha, kisha akajigaragaza mchangani, miguu juu!

Waliokosa zamu walinung'unika mpaka adhana ya Adhuhuri. Kusema kweli, wawili kati yao wananung'unika hadi leo.