Taarab kwa Mpangilio wa Miaka

Muziki wa Ulaya una vipindi vyake: Bach kwanza, Mozart afuate, kisha Beethoven. Nikajiuliza, na taarab je? Chuo niliacha, lakini kusoma sijaacha. Basi nikanunua bando, nikaanza kusikiliza kwa mpangilio wa miaka, mara nyingi ndani ya matatu ya Malindi–Kilifi.

Anza na Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Mikwaruzo ya sahani itakusumbua, lakini vumilia, sauti yenyewe itakufikia. Nenda kwa Ikhwani Safaa wa Unguja, kikundi cha tangu 1905, usikie fidla zikijipanga Kimisri. Vuka hadi Mombasa: Juma Bhalo anaimba Kiswahili juu ya miondoko ya filamu za Kihindi, naye Zein l'Abdin, mtoto wa Lamu, anauacha udi uzungumze. Ukifika miaka ya 1990, kinanda cha umeme kimeshika usukani na mipasho imepamba moto.

Huku kwetu wazee husema hii ya kinanda si taarab, ni kelele. Mimi nawaheshimu, ila masikio yangu yanakataa. Misri ilikuwa ngeni, India ikawa ngeni, na umeme pia. Kila kizazi kilipokea mgeni kikamfundisha Kiswahili.

Kwa hiyo mtu akikwambia taarab asili imekufa, muulize: ya mwaka gani?