Tumbo Dogo

Katika nyumba nyingi za hapa Morotonga ulezi upo na maziwa yapo. Hata hivyo utamwona mtoto wa mwaka mmoja amedhoofu. Akimaliza miezi sita ya kunyonya tu, tumbo lake dogo halishibi kwa milo miwili ya wakubwa. Mpango wa lishe wa Iringa wa miaka ya 1980, uliopima watoto uzito katika vijiji 168, ulibaini kuwa wingi wa kazi za mama hupunguza milo ya mtoto.

Mjukuu wangu ana miezi kumi. Mama yake akiwa shambani, mimi humkorogea uji saa nne. Wazee wenzangu hucheka mwanamume kushika mwiko. Nawajibu: kila jioni twahesabu ng'ombe zizini, tuhesabu na vikombe vya mtoto.