Maradhi Yasiyohesabiwa

Mkaaji wa Voi hana haja ya kufundishwa majina ya malaria, homa ya matumbo na surua. Ameyapokea kwa wazee wake, na mtoto akipatwa na joto usiku, moja kati ya hayo ndilo litajwalo kwanza. Lakini yako maradhi mengine ya watoto yapitayo katika nyumba zetu bila jina. Kwa kuwa hayana jina hayaandikwi, na kwa kuwa hayaandikwi twadhani hayapo. Msomaji, nataka kukueleza habari za jamii moja ya maradhi hayo, nayo ni kuvimba kwa mishipa ya damu.

Mwili wa mtoto una askari wake, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu. Mara nyingine, baada ya mafua au homa ndogo, askari hao hukosa kumtambua adui, wakazishambulia kuta za mishipa ya mwili wao wenyewe. Kuta huvimba, mishipa midogo huvuja damu chini ya ngozi, na mikubwa hulegea au huziba.

Mimi ni mwalimu, si tabibu. Niliyofundishwa juu ya afya katika chuo cha ualimu yalikuwa ni kufunga jeraha na kuzuia damu ya pua. Nilianza kuyatafuta mambo haya siku mpwa wangu wa miaka 7, akaaye Mbololo, alipoamka na madoa ya rangi ya zambarau yaliyotapakaa tangu vifundo vya miguu hata makalioni. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa na mafua. Magoti yalimvimba, na tumbo lilimsokota hata akajikunja kama jongoo. Bibi yake alisema ameumwa na siafu. Jirani alisema amekula kitu kibaya. Katika zahanati moja alipewa dawa ya mwasho, ingawa hakuwa akijikuna. Katika ya pili, muuguzi mmoja mzee wa kazi alilibonyeza doa kwa gilasi, akaona halififii. Ndipo alipotaka mkojo wa mtoto.

Doa lisilofifia maana yake ni damu iliyokwisha toka nje ya mshipa. Mkojo ulitakiwa kwa sababu maradhi haya, ambayo kwa muda mrefu yameitwa kwa majina ya matabibu wawili wa Ujerumani wa karne ya 19, Schönlein na Henoch, huweza kuingia katika figo pasipo maumivu yoyote. Mpwa wangu alipona katika mwezi mmoja, kama waponavyo wengi. Hata hivyo, kwa miezi 6 aliteremka Voi mara kwa mara na kichupa chake mkononi, akiona haya njia nzima.

Katika jamii hii ya maradhi, hayo ndiyo yaliyo mengi kuliko yote kwa watoto. Katika nchi nyingi zilizohesabu, watoto kama 10 hadi 20 katika kila 100,000 hupatwa kila mwaka. Niliwapa wanafunzi wangu kazi ya hesabu. Mwaka 2019 watu wa Kaunti ya Taita Taveta walihesabiwa, wakawa 340,671. Tuseme, kwa kukisia tu, kwamba watoto ni 100,000, na kwamba kiwango chetu ni sawa na cha wenzetu. Jibu ni 10 hadi 20 kwa mwaka. Mmoja alisema, "Wachache hao!" Msichana aliyeketi nyuma akauliza, "Wako wapi, Mwalimu?"

Swali la msichana yule ndilo lililoninyima usingizi. Vitabu vingine husema kwamba watoto weusi hupatwa kwa uchache, na huenda asili ina sehemu yake. Walakini picha nyingi zilizomo vitabuni ni za miguu myeupe, ambayo doa jekundu huonekana tangu mlangoni. Juu ya ngozi kama yetu doa hilo ni weusi juu ya weusi, na mama aliyemwogesha mtoto jioni kwa mwanga wa koroboi halaumiki.

Tazama jinsi Wajapani walivyofanya. Mwezi wa Januari 1961, daktari wa watoto wa Tokyo, Tomisaku Kawasaki, alimwona mvulana wa miaka 4 mwenye homa na vipele ambavyo havikulingana na maradhi yoyote aliyoyajua. Hakukubali kuyabandika jina lisilo lake. Aliwaweka wagonjwa wa namna hiyo katika maandishi yake mmoja mmoja, na mwaka 1967 akatangaza habari za watoto 50. Tangu 1970 Japani imewahesabu nchi nzima, ikaonekana kuwa kwao, katika miaka ya karibuni, hupatwa zaidi ya 300 katika kila 100,000 walio chini ya miaka 5, hali Marekani ni kama 20. Hata Hawaii, watoto wenye asili ya Kijapani huwazidi majirani zao. Asili ina neno, basi. Lakini neno hilo lisingesikika lau watu wasingehesabu.

Ugonjwa wa Kawasaki huishambulia mishipa inayolisha moyo. Pasipo tiba, yapata mtoto mmoja katika wanne huharibika mishipa hiyo. Akipewa imunoglobulini ndani ya siku 10 za kwanza, huwa yapata mmoja katika ishirini. Dawa hiyo hutokana na damu ya watu wengi, na bei yake si ya mkulima wa mahindi. Sasa hesabu nawe siku za mama aliyeko Kasigau: mbili za dawa ya dukani, tatu za dawa ya malaria, mbili za kutafuta nauli, na kutoka Voi hadi Mombasa ni kilomita 150 hivi.

Ukiwa na mdogo wako ambaye homa yake imefika siku ya 5, mtazame macho kama ni mekundu yasiyo na tongo, midomo kama imepasuka, ulimi kama umewiva, viganja na nyayo kama vimevimba, shingo kama ina tezi. Mtaje Kawasaki mbele ya daktari, usione haya. Ngozi ya ncha za vidole nayo hubambuka, lakini hiyo huja katika wiki ya pili au ya tatu, na aghalabu siku 10 zimekwisha pita.