Mikono ya Watu wa Oza

4 Julai
Mchana nimesimama Capital Art Studio, studio ya picha hapa Zanzibar, Barabara ya Kenyatta. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Wengi hutazama picha za mji wa zamani. Mimi nilifuata picha za watu. Nimeziba nyuso kwa kiganja nikatazama mikono tu. Mkono ukitulia, uso nao hutulia. Mkono usiojua pa kukaa huharibu picha nzima, hata mwanga uwe mzuri vipi. Nilitamani kuona Oza alivyozungumza na watu kabla ya kufyatua.

7 Julai
Usiku nimezirudia picha za Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake 1948. Pazia lake la mwanzo lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Filamu ilikuwa ghali, basi mara nyingi alipiga picha moja tu. Kazi yote ilikwisha kabla ya hapo, katika kumkalisha mtu. Nimemtazama sana yule bwana wa miwani aliyeshika ua moja. Vidole vinalishika kama kitu cha thamani, na yeye mwenyewe anakuwa wa thamani. Hilo ndilo ninalolitaka, kuliko lenzi yoyote mpya.

9 Julai
Nimempiga picha shangazi, nyumbani kwake mtaa wa Malindi. Nilikwisha kumwekea kiti karibu na dirisha. Saa nne asubuhi jua haliingii uchochoroni, lakini linapiga ukuta wa jirani uliopakwa chokaa na kurudi ndani likiwa laini, upande mmoja tu wa uso.

“Ngoja kwanza mwanangu, nikavae.”

Akarudi na kanga ya kisutu, ananukia udi. Nilitaka aweke mikono mapajani. Akakataa, akaushika mkono wa kiti, pete ikaja mbele.

“Hivi ndivyo ninavyotaka kuonekana.”

Nikamwacha. Kidevu kikapanda kidogo, mabega yakashuka, na mimi nikasogea hatua moja kushoto ili kivuli cha pua kisiguse mdomo. Naamini watu wa Oza nao walikuja na yao: walivaa walichokipenda, wakasimama walivyotaka, naye akayapa nafasi.

10 Julai
Shangazi anataka picha kubwa, ya kumpelekea bintiye Muscat. Amesema nisimfute mkunjo hata mmoja. Kesho naenda kuulizia karatasi nzuri ya kuchapia.